Swift Sport: Rimu Gani Zinaweza Barabara za Kisii na Nyamira?

Umejipatia Suzuki Swift Sport ya ZC33S? Hongera buda. Turbo ya lita 1.4, farasi 140, na uzito haufiki tani moja. Lakini kabla umwage doh kwa rimu kubwa, skia hii.

Rimu: Inakuja na inchi 17, tairi 195/45. Ukipandisha hadi 18, mpira unazidi kuwa mwembamba na shimo moja pale Keroka likukunjie rimu. Afadhali ushuke 16 na 185/55. Kimo cha gurudumu hakibadiliki sana, lakini ukuta wa mpira unatoka milimita 88 hadi karibu 102. Nati ni tano, 5x114.3. Jaribisha moja kwanza uone kama inapita breki.

Nguvu: Kisii iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini bila turbo huchoka. Yako inajisaidia, so kuongeza nguvu kwa kompyuta kunaweza ngoja.

Anza na tairi za kushika lami ya mvua, brekipedi na mafuta ya breki. Mteremko wa Nyamira haujali una farasi wangapi.