Dakika Tano za Kensington

Binamu yangu alizimika kwenye maskani moja Kisauni, mwaka ule ule nilioacha chuo. Tulikuwa watano pale, kila mtu na simu yake, bando imejaa, na hakuna hata mmoja aliyejua ampigie nani. Mmoja alimmwagia maji. Mwingine alitoroka akihofia polisi, na mimi simlaumu. Aliyemuokoa ni mzee mmoja, teja wa zamani, aliyempulizia pumzi mdomoni mpaka tukapata tuktuk.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya kitu kimoja: mtu akizidiwa na unga, nani huitwa, na huitwa vipi? Digrii sina, lakini kusoma sikuacha.

Dawa yenyewe, naloksoni, ni ya zamani kuliko mamangu. Jack Fishman na Mozes Lewenstein waliiombea hataza mwaka 1961, na Marekani ikaiidhinisha 1971. Kazi yake ni kuiondoa heroini pale ilipojishika kwenye ubongo, pumzi irudi. Lakini nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu hivi, kwa hiyo aliyeamka bado anahitaji daktari. Kwa muda mrefu ilikaa hospitalini na kwenye ambulensi, yaani mbali kabisa na pale watu wanapofia. Mwaka 1996 Dan Bigg na wenzake wa Chicago Recovery Alliance wakaanza kuwagawia watumiaji wenyewe. Ilionekana wazimu. Kumpa teja dawa ya kumwokoa teja mwenzake? Lakini nani mwingine huwa pale saa nane usiku?

Kuna jambo linaloniuma kila nikilisoma. Mtoto wa kambo wa Fishman alikufa kwa kuzidisha heroini mwaka 2003. Dawa iliyobuniwa nyumbani kwao haikumfikia.

Simu iliingia kwenye hadithi hii kupitia mlango wa moyo. Huko California, mkuu wa zimamoto Richard Price alikuwa mkahawani akila chakula cha mchana aliposikia ving'ora vikija. Magari yakasimama jengo la pili tu. Mtu alikuwa amesimama moyo pale, na Price, aliyefunzwa kuokoa, hakuwa ameambiwa lolote. Ndipo programu ya PulsePoint ikazaliwa: inamwita aliye karibu, asisubiri king'ora.

Wazo hilo likahamia kwenye heroini. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitangaza shindano la kubuni programu za kuunganisha aliyezidiwa na mwenye naloksoni. Philadelphia ndiko nilikokaa zaidi katika kusoma kwangu, hasa mtaa wa Kensington. Mwaka 2017 mji huo ulipoteza watu 1,217 kwa dawa kupita kiasi. Wakutubi wa maktaba ya McPherson Square walikuwa wakitoka mbio mpaka bustanini na naloksoni mkononi. Wakutubi, jamani! Walioajiriwa kupanga vitabu.

Basi watafiti wakaleta UnityPhilly. Waliwapa watu 112 programu na naloksoni, karibu nusu yao watumiaji wenyewe. Ukiona mtu amezidiwa unabonyeza, wenzako walio karibu wanaitwa, na ambulensi pia. Ndani ya mwaka mmoja walibonyeza mara 291. Takriban thuluthi moja ilikuwa kengele ya bure, vidole vimeteleza na kadhalika. Lakini mara 74 raia wa kawaida alitoa naloksoni, na mara 71 mtu aliamka. Zaidi ya nusu ya hizo 74, raia alimtangulia ambulensi kwa dakika tano au zaidi. Ubongo bila hewa huanza kuharibika baada ya kama dakika nne, kwa hiyo hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Watu husifu simu. Mimi naona kilichobeba kazi ni sheria. Mwaka 2014 Pennsylvania ilipitisha sheria iliyoruhusu raia kubeba naloksoni, na kumkinga anayeita msaada asishtakiwe kwa makosa madogo ya kukutwa na dawa. Bila hiyo, nani angebonyeza na mahali alipo paonekane kwenye ramani?

Huku kwetu methadoni ilianza Mathari Desemba 2014, kisha ikaja Pwani, na nimeona mateja waliorudi kuwa baba za watu. Naloksoni mikononi mwa jirani, hapo mtaani kwetu, sijaiona bado.

Juzi nilimtafuta yule mzee. Ana kabambe, skrini imepasuka, programu yoyote haiingii. Nikamuuliza, "Mzee wangu, ukipewa dawa na simu nzuri, utakubali kuitwa usiku?"

"Kuitwa nitaitika," akasema. "Sasa polisi wakinikuta na maiti, wewe utakuwa wapi?"