Bi Kidude, Msondo na Maneno Tusiyoyaandika

Kabla Siti binti Saad hajafariki mwaka 1950, Shaaban Robert aliwahi kuketi naye na kumsikiliza. Tunda la mazungumzo hayo ni *Wasifu wa Siti binti Saad*, kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni na baadhi yetu tukakifundisha. Tukumbuke tendo lenyewe: mshairi anamwendea mwimbaji mzee na kuandika, kwa Kiswahili, habari zake kama alivyozisimulia mwenyewe.

Fatuma binti Baraka, tuliyemjua kwa jina la Bi Kidude, hakupata bahati hiyo. Alipata kamera. Filamu maarufu kuliko zote juu ya maisha yake, ya Andy Jones, ilitoka mwaka 2006 na kichwa chake ni cha Kiingereza. Mwaka 2005 alikuwa amepewa tuzo ya WOMEX huko Ulaya, na magazeti ya dunia yakaandika juu ya umri wake, sigara yake na sauti yake ya kukwaruza. Hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, hapana aliyejua kwa hakika mwaka aliozaliwa, na kutojua huko kukawa kivutio cha biashara. Miaka yake ilihesabiwa na kuhesabiwa tena. Maneno yake ni wachache walioyapima.

Nasema hivi bila kuwalaumu wageni peke yao. Sisi wapenzi wa lugha tulikuwa karibu naye zaidi.

Kidude alizaliwa Mfagimaringo, Unguja, binti wa mchuuzi wa nazi. Alikua katika zama ambazo Siti alikuwa ameibadili taarab. Muziki uliokuwa ukiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani, Siti aliuimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa Ng'ambo, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Kidude alizishika nyimbo hizo kwa sikio. Alipoziimba uzeeni, hadhira ilikuwa ikisikia kumbukumbu za mahakama na mitaa ya Unguja ya kale. Mfano mzuri ni "Kijiti", wimbo wa mauaji ya mwanamke ambamo mtuhumiwa alikimbilia bara na adhabu ikawaangukia waliotoa ushahidi. Miongo mingi baada ya kesi hiyo, ajuza anasimama jukwaani na kuisomea upya mashtaka. Si ajabu sauti ilikwaruza.

Lakini taarab ilikuwa nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili, ambayo naiona kuwa nzito zaidi, ni unyago. Kidude alikuwa kungwi. Unyago wa Unguja kwa sehemu kubwa ulivushwa na wanawake wa bara, wengi wao wakiwa watumwa, miongoni mwao Wayao na watu wa Nyasa. Humo ndani mwari hufunzwa mwili wake, ndoa, usafi na adabu kwa nyimbo za mafumbo. Msondo, ile ngoma ndefu, hupigwa huku mpigaji ameibana mapajani. Kungwi hutupa fumbo, wengine huitikia, na mwari hufundishwa namna ya kulifumbua. Kwa hiyo wimbo wa unyago haukamiliki pasipo yule anayefunzwa. Ni somo, na somo lina mwalimu na mwanafunzi.

Sasa fikiri msondo huohuo ukipigwa Ngome Kongwe, katika tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004, au katika ukumbi wa Ulaya. Mwari hayupo. Badala yake wamo maelfu ya watu wanaocheza, wanaume kwa wanawake, na fumbo linapita juu ya vichwa vyao likiwa mdundo mtupu. Je, Kidude aliitoa siri ya wanawake? Wako wanaoamini hivyo, na hoja yao si ya kubezwa. Mimi naona siri ilijilinda yenyewe, maana fumbo lisilofumbuliwa halimfichulii mtu kitu. Kinachonisumbua ni kinyume chake: kwamba tulifurahia ngoma kiasi cha kutouliza fumbo lilisema nini. Bibi wa umri ule, akiwa na ngoma nzito mapajani, anastahili kushangiliwa. Hata hivyo kungwi anayeshangiliwa kwa nguvu za mwili pekee amepokonywa ualimu wake.

Nimeifanya kazi ya kusahihisha insha kwa miaka mingi, na najua mwanafunzi huandika alichoulizwa. Kidude aliulizwa una miaka mingapi. Shaaban Robert, nadhani, angemwuliza neno hili lina maana gani unyagoni, na lina maana gani likitoka nje.

Tangu mwaka jana nimekuwa nikisikiliza rekodi zake za unyago, daftari mkononi, nikiandika neno kwa neno. Nimefika wimbo wa tatu. Maneno kumi na moja nimeyazungushia duara, kwa kuwa hayamo katika kamusi nilizo nazo. Mawili nilifafanuliwa na bibi mmoja jirani yangu, ambaye alicheka kwanza, kisha akaniambia nimtume mke wangu aje kuuliza yaliyobaki.