Hereni zilizochujuka

Miaka kumi hii ya kikundi chetu haisimuliki bila zile hereni. Mwaka wetu wa pili tulikopeshana fedha, tukaleta mzigo wa hereni na mikufu ya mawe ya kung'aa, tukauza kwa mali kauli hapa Ipyana mpaka Kyela mjini. Mvua na jasho la kwetu mnavijua. Mapambo yalichujuka, masikio yakawa kijani, wateja wakagoma kulipa. Wenzetu wawili wakaacha kuja kikaoni kwa aibu.

Baadaye ndipo tukajifunza. Ile ni shaba tu, huchovywa kwenye maji ya dawa yenye dhahabu, umeme ukapitishwa, dhahabu ikanata utando mwembamba, mara nyingi haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kazi hiyo ni ya zamani: Brugnatelli wa Italia aliifanya mwaka 1805, na akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, wakapata hataza mwaka 1840. Mawe nayo ni kioo. Daniel Swarovski wa Bohemia alipata hataza ya mashine ya kukikata mwaka 1892. Mgongoni hupakwa rangi ya fedha ili king'ae, maji yakipenya basi.

Kioo hakikumdanganya mtu. Sisi ndio tuliosema "dhahabu hii, mama."

Deni tulilifidia kwa mfuko wetu, miezi minane bila gawio. Wale wawili tuliwafuata nyumbani. Mmoja alirudi, na ndiye mshika ufunguo wa sanduku. Wa pili hajarudi.