Upimaji wa mkazo wa ndani katika kompositi

Upimaji wa mkazo wa ndani katika kompositi ni jumla ya mbinu za kutambua mikazo iliyojifungia ndani ya nyenzo mseto bila kuikata wala kuivunja. Kompositi ni nyenzo inayoundwa kwa kuunganisha vitu viwili au zaidi, huku kila kimoja kikibaki na tabia yake. Mifano ni faiba ya boti (nyuzi za kioo ndani ya resini), nyuzi za kaboni ndani ya epoksi, na zege yenye nondo. Ukuta wa fito na udongo, unaojulikana vijijini Pemba, nao ni kompositi.

Mkazo ni nguvu inayogawanywa kwa eneo, na kipimo chake ni paskali. Mkazo wa ndani hubaki hata kama nyenzo haikubeba mzigo wowote: sehemu moja huvutwa na nyingine hubanwa, na nguvu hizo husawazishana.

== Chanzo ==

Chanzo kikuu ni tofauti ya kusinyaa. Kompositi nyingi za ndege hukaushwa kwa joto la takriban 180 °C. Zikipoa hadi 30 °C, epoksi peke yake ingefupika kwa takriban milimita 9 katika kila mita, lakini uzi wa kaboni karibu haubadiliki urefu. Kwa kuwa vimeshikamana, epoksi hubaki ikivutwa na uzi hubaki umebanwa.

Boti za faiba kwa kawaida hazitiwi kwenye tanuri. Hata hivyo, resini ya poliesta hutoa joto inapoganda na hupungua ujazo kwa takriban asilimia 5 hadi 8. Fundi akipaka tabaka nene kwa mara moja, joto huzidi na mkazo huongezeka. Baadaye maji ya bahari hupenya polepole na kuivimbisha resini, hivyo mkazo wa awali hubadilika.

== Mbinu ==

Mkazo hauonekani moja kwa moja. Kinachopimwa ni kurefuka au kufupika kwa nyenzo, kisha mkazo hukokotolewa kwa kutumia ugumu wake.

* '''Nyuzi za mwanga zenye vichujio vya Bragg.''' Uzi mwembamba wa kioo hulazwa kati ya tabaka wakati wa kutengeneza. Kichujio hurudisha mwanga wa urefu mmoja wa wimbi, nao hubadilika uzi ukivutwa. Kwa mwanga wa nanomita 1550, badiliko ni takriban pikomita 1.2 kwa kila sehemu moja ya milioni ya urefu. Badiliko la pikomita 600 basi ni urefu wa asilimia 0.05. Joto nalo hubadilisha kipimo kwa takriban pikomita 10 kwa kila digrii, hivyo lazima lipimwe pembeni na kuondolewa.
* '''Spektroskopia ya Raman.''' Hutumia leza. Rangi ya mwanga unaotawanywa na nyuzi za kaboni au aramidi husogea kidogo nyuzi zikivutwa. Mwanga lazima uzifikie nyuzi, kwa hiyo mbinu hufaa karibu na uso au ndani ya resini angavu.
* '''Eksirei na nyutroni.''' Hupima umbali kati ya safu za atomi katika fuwele. Resini haina fuwele za kutosha, hivyo wakati mwingine huchanganywa na unga wa metali. Nyutroni hupenya ndani zaidi na hufaa kwa kompositi za metali, lakini huhitaji kinu cha nyuklia au chanzo kikubwa kingine. Barani Afrika kazi hiyo hufanyika kwenye kinu cha SAFARI-1 huko Pelindaba, Afrika Kusini.
* '''Ultrasauti.''' Mkazo hubadilisha kidogo sana kasi ya sauti. Katika kompositi mwelekeo wa nyuzi huibadilisha kasi hiyo zaidi, hivyo matokeo ni magumu kufasiri.

== Tofauti na ukaguzi wa nyufa ==

Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi. Kugonga boti kwa sarafu na kusikiliza sauti, au kuipima kwa ultrasauti ya kawaida, huweza kuonyesha mahali tabaka zilipobanduka. Hakuonyeshi mkazo. Boti inaweza kulia vizuri kila mahali na bado ikawa na mkazo utakaoipasua siku itakapopigwa na wimbi.

== Umuhimu ==

Mkazo wa ndani hujumlishwa na ule wa mzigo. Resini iliyokwisha kuvutwa hufikia kikomo chake mapema kuliko hesabu ya mzigo peke yake inavyoonyesha. Huko Pemba boti za faiba hutumiwa na wavuvi na wapeleka watalii kupiga mbizi, na mwenye boti hawezi kukubali ikatwe kipande ili ipimwe. Tangu 2018 Air Tanzania ina ndege ya Boeing 787-8, ambayo takriban nusu ya uzito wake ni kompositi.

Vifaa vingi vilivyotajwa ni ghali. Kwa karakana ndogo, kinga huja kabla ya kipimo: kupaka tabaka nyembamba, kuzipa muda wa kupoa, kupima kigandishi kwa usahihi, na kupanga nyuzi kwa ulinganifu pande zote mbili za unene. Bamba lililopangwa bila ulinganifu hujikunja lenyewe likipoa, na kupima mkunjo huo kwa rula ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kukadiria mkazo uliomo.

== Tazama pia ==

* Mkazo
* Resini
* Zege