Sheria za Uwindaji na Swali la Mwenye Nyama

Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini mtu akizifuatia sheria za uwindaji katika Tanganyika tangu enzi ya Wadachi, ataona kwamba msumeno huo umenolewa upya mara nyingi, na kwa muda mrefu ulikata upande mmoja zaidi kuliko wa pili.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri mjini Dar es Salaam. Ndovu walikuwa wakiuawa kwa wingi kwa ajili ya pembe zao, nayo serikali ilihofia kwamba utajiri huo ungekwisha. Amri ile ilimlazimisha mwindaji awe na leseni, ikatenga na sehemu mbili za kuhifadhi nyama wa mwitu: moja magharibi ya Kilimanjaro, ya pili katika nchi ya Rufiji.

Mwaka 1900 wajumbe wa dola za Ulaya zilizotawala Afrika walitia sahihi mapatano mjini London ya kuhifadhi wanyama, ndege na samaki. Mapatano hayo hayakupata nguvu ya sheria, maana si dola zote zilizoyathibitisha. Hata hivyo mawazo yake yalienea katika sheria za makoloni. Twiga alihifadhiwa, na tumbusi vile vile kwa manufaa yake. Bali simba, chui, fisi na mamba waliandikwa kuwa waharibifu, wapunguzwe. Nyavu na mashimo ya kutegea yalitakiwa yazuiliwe kadiri iwezekanavyo. Kuvua samaki kwa baruti au kwa sumu kulikatazwa, wala utupa wa mwanakijiji haukupambanuliwa na baruti ya mgeni.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Shimo, wavu na utupa ni zana za mtu asiye na bunduki. Mwenye bunduki nzuri na fedha za leseni aliitwa mwindaji. Aliyetega shimo kando ya muhogo wake alihesabiwa kuwa mvunja sheria.

Waingereza walitunga sheria yao mwaka 1921, wakaibadili tena 1940 na 1951. Mwaka 1922 hifadhi ya Rufiji ilipewa jina la Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwaka 1917. Ni haki kusema kwamba maofisa wa idara, ambao wenyeji waliwaita Bwana Nyama, waliwapiga risasi ndovu walioharibu mashamba. Lakini mwenye shamba alibaki kuomba msaada kwa jambo ambalo zamani babu zake walilitenda wenyewe.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Julius Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba wanyama wa mwitu ni amana ya vizazi vijavyo. Uwindaji wa watalii ulifungwa kutoka 1973 hadi 1978, na sheria mpya ya 1974 ikaifuta ile ya 1951. Hata hivyo, ni sera ya 1998 na kanuni za 2002 zilizofungua njia kwa vijiji kutenga ardhi yao kuwa hifadhi za jamii na kupata sehemu ya mapato yake.

Sheria ya 2009 yasema kwamba wanyama wote ni mali ya umma, nao wamo mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Simba aliyeandikwa mharibifu mwaka 1900 sasa hulindwa, na sehemu ya hifadhi ya Selous ilifanywa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Orodha zimebadilika, na majina pia. Lakini ndovu akila mahindi, mkulima hulipwa kinachoitwa kifuta jasho. Akiua mtu, jamaa hupewa kifuta machozi. Hakuna kati ya hivyo kiitwacho fidia. Fidia hudaiwa na mwenye haki, bali machozi hufutwa kwa hisani. Kwa hiyo, ikiwa nyama ni mali ya umma, hapana budi sheria itakayofuata iseme hasara yake ni ya nani.