Nchi Iliyofungwa: Mwingereza Alivyoitawala NFD



Nilipofikisha miaka 18 nilienda kuomba kitambulisho. Nikasimamishwa mbele ya meza ya maafisa na wazee. Jina la babu? La baba yake babu? Mnanyweshea kisima gani? Mwenzangu wa chuo, kijana wa bara, alipata chake kwa cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, basi. Nikajiuliza, haya yalianza wapi? Kumbe yana umri mkubwa kuliko koloni lenyewe la Kenya, lililopewa jina hilo mwaka 1920.

Hebu kwanza tutoke nje kidogo. Mwaka 106 Warumi walitwaa nchi ya Wanabati, Waarabu wa ngamia na misafara, watu kama sisi tu. Makao ya mkoa huo mpya yakawa Busra, Busra ile ile ya Shamu tunayoisoma katika Sira, kwenye safari ya Mtume (s.a.w.) na ami yake Abu Talib. Warumi walitoza kodi, wakahesabu hata mitende ya watu. Lakini pia walijenga barabara kutoka Busra hadi Aila, yaani Aqaba ya leo, na mwaka 212 Kaizari Caracalla akawapa uraia karibu watu wote huru wa dola yake. Sisemi walikuwa wema. Barabara ile ilikuwa ya majeshi yao, na uraia ulikuja na kodi zake. Ila mkoa ule ulifunguliwa. Wetu ulifungwa.

Mwingereza hakuitaka NFD kwa kulima. Aliitaka iwe ukuta kati ya mashamba ya walowezi na Wahabeshi upande wa kaskazini, na Waitalia upande wa mashariki. Chini ya sheria ya mwaka 1902 iliyohusu wilaya za pembezoni, NFD ilitangazwa mwaka 1926 kuwa wilaya iliyofungwa. Huingii wala hutoki bila pasi. Mfanyabiashara pasi, mgeni pasi. Sasa niambie, shule itatoka wapi mahali ambapo hata mwalimu anahitaji ruhusa kuingia?

Halafu ikaja sheria ya 1934 ya wilaya maalum. Hii ndiyo mama yao. Ilimpa afisa wa serikali uwezo wa kulitangaza kabila zima kuwa ni adui, akakamata watu wake na mifugo yao. Mmoja akikosa, wote wanalipa, hata yule aliyekuwa kisimani siku hiyo akinywesha mbuzi wake.

Na mistari je? Mfugaji hufuata mvua, na mvua haina ramani. Lakini kila kabila lilichorewa eneo lake la malisho, na ukawekwa mstari wa kuwatenga Wasomali na Waborana. Ukivuka bila ruhusa, unatozwa faini ya mifugo. Mifugo yenyewe ikawekewa karantini isifike masoko ya kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa magonjwa, lakini karantini hiyo ililinda pia soko la walowezi. Mwaka 1925 Jubaland, pamoja na Kismayu, ikapewa Italia, na tume ya mipaka ikaja kugawa nchi. Wewe wa Lafey au El Wak huhitaji kuelezwa maana yake. Mjomba alilala Kenya, akaamka Somalia, na hakuhamisha hata herio.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1916 Waaulihan wakiongozwa na Abdurrahman Mursal waliivamia boma ya Serenli na kumuua afisa wake, Elliott. Lakini Mwingereza alirudi na bunduki zaidi.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na mwezi huo haukuisha kabla ya hali ya hatari kutangazwa kwetu. Vita vya Shifta vilikwisha 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991. Yaani pasi ya mkoloni ilibadilisha mwenyewe tu. Pale Wagalla, Februari 1984, wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege kwa sababu ya ukoo wao, si kwa kosa la mtu fulani. Ukisoma ile sheria ya 1934 unaona kabisa fikra hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya wakapigwa msasa upya, wakapewa kadi zao peke yao juu ya kitambulisho.

Februari 2025, mjini Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kuondoa usaili huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Mdogo wangu alipoenda kuomba chake hakuulizwa kisima. Tulipomweleza babu, alitikisa kichwa tu. Pasi yake ya enzi ya Mwingereza bado iko kwenye sanduku la bati, imefungwa kwa nailoni, na hataki mtu aitoe.