Nafasi Tano Tupu
Juni 1994, mjini Lynchburg, jimbo la Virginia nchini Marekani, profesa wa hisabati Thomas Nicely aliona hesabu zake hazilingani. Alikuwa akijumlisha sehemu kama 1/11 na 1/13, za namba tasa zilizopishana kwa mbili. Alikagua programu yake, akarudia kazi kwenye kompyuta nyingine. Ilipofika Oktoba alikuwa na hakika: kosa halikuwa lake. Lilikuwa ndani ya chipu ya Pentium ya Intel.

Gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu ni 1.33382. Chipu ile ilitoa 1.33374. Kwa maelezo ya Intel, jedwali lake la kugawanyia lilikuwa na nafasi tano zilizoachwa tupu.

Intel ilisema mtumiaji wa kawaida angekumbana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Wateja hawakuridhika. Kampuni ikakubali kubadilisha chipu, ikatenga dola milioni 475.

Chipu hiyo ilikuwa imejaribiwa. Lakini jaribio hujibu ulichouliza tu, na jozi za namba haziishi. Uthibitisho wa kihisabati huuliza kwa namba zote kwa pamoja. Mwaka 1996 Edmund Clarke na wenzake walichapisha uthibitisho, uliofanywa kwa msaada wa kompyuta, wa mbinu ya kugawanya iliyotumika kwenye Pentium. Intel nayo iliwekeza katika kazi hiyo.

Mimi hukumbuka zaidi ile miezi minne. Nicely alianza kwa kujishuku mwenyewe. Mashine aliishuku mwisho, kama ambavyo wengi wetu tungefanya.